Kontroli boksi imekufa: nichukue mtumba, nitengenezeshe au niagize mpya?

Mlalakuwa
Wakuu, habari za jioni. Fundi kapima gari yangu kasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa. Nimepewa njia tatu. Mtumba wa Japani pale Ilala, laki tatu. Kuna kijana Kariakoo anaifungua na kuitengeneza kwa laki moja na ishirini. Au niagize mpya Dubai, bei bado sijatajiwa. Gari naitegemea kila siku. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Kitaru
Gari gani? Ya mwaka gani? Injini gani, auto au manyuo (gia za mkono)? Inafanya nini hasa? Unaulizia dawa na ugonjwa hujautaja.

Mama Nasra
Mtumba, baba. Kitu cha umeme kikishachokonolewa na bisibisi hakina maisha. Chukua mtumba, funga, endelea na shughuli zako.

Mlalakuwa
Samahani wadau. Ni Corolla 110 ya 1998, auto. Inazima.

Kitaru
"Inazima" vipi? Ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Ukiiacha ipoe inawaka? Ukifungua swichi bila kupiga stata, taa ya cheki injini inawaka au haiwaki? Na huyo fundi alipima kwa kitu gani? Vile vidude vya kuunganisha na simu havisomi 110 ya Japani.

Dereva Mbagala
Ng'oa huo uchawi wote, funga kabureta. Hakuna kontroli boksi, hakuna sensa, ukikwama Chalinze usiku fundi yeyote wa kijiweni anakuwasha.

Fundi Waya
Mlalakuwa, usitoe hata senti kwanza. Kama injini ni 5A-FE, koili na ignaita (vifaa vya kutengeneza cheche) zimo ndani ya distributa, ile inayogawa cheche kwenye plagi. Ignaita ikichoka, gari inakwenda vizuri ikiwa ya baridi, ikipata moto inakata ghafla, ikipoa inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Kontroli boksi nyingi sana zimehukumiwa kwa kosa la ignaita.

Kupima hakuhitaji mashine. Kwenye injini kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha gari, hesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mara moja, ikapumzika kidogo, halafu mara nne, hiyo ni namba ya kosa 14: kontroli boksi haipati jibu kutoka kwa ignaita. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Kama taa haiwaki kabisa, kagua fyuzi na relei ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta), kisha arthi (waya wa hasi). Halafu pima volti 5 kwenye soketi ya sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), kati ya pini za VC na E2. Zisipokuwepo, chomoa sensa zinazokula volti hizo moja moja. Sensa moja ikipiga shoti, kontroli boksi nzima inajifanya maiti. Ukiichomoa, taa inarudi.

Mama Nasra
Haya maelezo mazuri, lakini nani ana muda huo? Watu tuna kazi.

Kipanga Moro
Dada, huo muda ndio niliokataa kuutoa, gharama yake nikaijua baadaye. Ngoja niwape yangu, ni ndefu kidogo.

Nina Carina Ti, auto. Ilianza kuhangaika sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikiwa imesimama, baadaye ikawa inazima kila nikifika kwenye taa. Fundi mmoja (simtaji) akasema kontroli boksi. Tukaenda naye kwenye duka la mitumba, akachagua moja yenye soketi zilezile. Ikafungwa, gari ikawaka, nikalipa nikashukuru. Barabarani giaboksi haibadilishi gia. Kumbe ile boksi imetoka kwenye gari ya manyuo. Soketi zinafanana, ndani ni vitu viwili tofauti. Kurudisha? Mwenye duka ananionesha kibao ukutani: vifaa vya umeme vikiuzwa havirudi.

Nikanunua ya pili, safari hii nikalinganisha namba. Ikakaa vizuri kwa muda, ikaanza upya: inazima ikisimama. Ndipo mzee mmoja hapa Morogoro akapima vali ya sailensa, akakuta koili yake imepiga shoti. Hiyo ndiyo ilikuwa inaunguza boksi kwa ndani. Boksi yangu ya asili aliifungua, akabadilisha transista moja na kapasita (vihifadhi umeme vidogo) mbili zilizokuwa zimevuja, nikafunga vali nyingine. Inatembea na ileile ya asili mpaka leo. Boksi mbili za mitumba ninazo kabatini, anayetaka anitafute.

Mkongwe wa Gerezani
Namba ndiyo kila kitu. Kwenye stika ya kontroli boksi ya injini ya Toyota inaanza 89661, halafu tarakimu nyingine. Muuzaji akikwambia "hii inaingia zote", rudisha pochi mfukoni. Hiyo "mpya" ya Dubai, kwa gari ya 1998, dai picha ya stika na ya ndani kabla hujatuma hela. Nimeona mitumba iliyosuguliwa ikaitwa mpya.

Na kutengeneza nako kuna kutengeneza. Kapasita zikivuja, maji yake yanakula njia za shaba kwenye bodi, ukiifungua unasikia harufu kama ya samaki. Kapasita zikibadilishwa na bodi ikasafishwa mapema, inarudi kazini. Ila mtumba nao umri wake ni uleule, na kapasita zake zimezeeka vilevile. Mnasahau hilo.

Dereva Mbagala
Kabureta haina kapasita 😂

Fundi Waya
Wewe nawe. Distributa ya 5A-FE haina uzito wala vakyumu ya kusogeza moto (kuwahisha au kuchelewesha cheche), kazi hiyo inafanywa na kontroli boksi. Ukifunga kabureta ubadilishe distributa, manifoldi na pampu ya mafuta. Na kama giaboksi ni ya elektroniki, nani ataiamrisha?

Dereva Mbagala
Nafunga manyuo.

Fundi Waya
Basi nunua pikipiki.

Msafiri Nairobi
Huku Kirinyaga Road ukipata ex-Japan, ombeni jamaa aijaribu kwa gari kabla hujalipa. Wengine hukubali ukiacha deposit. Pia mwambie jamaa wa car wash asipige pressure ya maji kwa engine.

Mama Nasra
Injini yangu inaoshwa kila Jumamosi tangu nimeinunua, haijawahi kusumbua.

Mkongwe wa Gerezani
Bado.

Mlalakuwa
Nimefuatilia wote, asanteni. Inazima ikishapata moto, hasa kwenye foleni. Ukisubiri kama nusu saa inawaka. Taa ya cheki injini sijaiangalia. Fundi hakupima kwa mashine, aliigongagonga boksi akasikiliza. Yule wa Ilala anasema boksi imebaki moja tu, niwahi kabla ya kesho mchana.

Kitaru
Hiyo ya "imebaki moja" naifahamu. Angalia taa kwanza, utuambie.

Binti Kigamboni
Samahani kwa kuingilia uzi. Ufunguo wa Noah yangu una chipu. Nikibadilisha kontroli boksi, ufunguo utaendelea kufanya kazi?

Fundi Waya
Kwa nyingi zenye chipu, haitawaka mpaka data ihamishwe kutoka boksi ya zamani au funguo zisajiliwe upya. Usitupe ya zamani. Noah yako ni toleo la SR40 au AZR60?

Binti Kigamboni
Hiyo naiona wapi?