Njia za asili za kuzuia maambukizi kwa wenye magonjwa ya kinga kujishambulia (lupasi, baridi yabisi, MS): ipi inasaidia, ipi inaamsha ugonjwa?

Kipepeo
Wakuu habari za humu. Nina lupasi, natumia prednisoloni (steroidi) na mikofenolati, zote za kushusha kinga. Ugonjwa wenyewe umetulia, kinachonisumbua ni maambukizi. UTI inapona inarudi, na mafua yakiingia ndani ya nyumba mimi ndiye wa kwanza kulala na wa mwisho kuinuka. Kila UTI kali inafuatiwa na viungo kuuma na uchovu wa kushindwa hata kuchana nywele, kwa hiyo naamini maambukizi ndiyo yanayouamsha ugonjwa.

Dawa za hospitali siachi, hilo naomba lieleweke mapema. Nataka kuongeza kitu cha asili, na baada ya kusoma sana nimebaki na haya: kranberi (tunda dogo jekundu) au D-manosi (aina ya sukari) kwa ajili ya mkojo, ekinasia (mmea wa dawa) na vidonge vya kitunguu saumu kwa ajili ya mafua, vitamini D, na probiotiki (vidonge vya bakteria au hamira hai). Siwezi kumeza vyote. Mngepanga vipi?

Mchaichai
Pole sana dada. Mimi ni wa baridi yabisi. Ningeweka vitamini D ya kwanza, kranberi ya pili, probiotiki ya tatu. Ekinasia ningeitoa kabisa kwenye orodha, na nitashangaa kama kuna mtu humu atakayeitetea kwa mwenye lupasi.

Mfamasia_wa_Zamu
Kipepeo, pole. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo matangazo ya virutubisho yanayachanganya kila siku. Kuna kinachomzuia mdudu asiingie au asijishike mwilini, na kuna kinachodai "kupandisha kinga". Kwako wewe kinga ndiyo inayoshambulia mwili, na dawa zako zimewekwa kuituliza. Kitu kinachoichochea bila kuchagua kinavuta upande ule ule unaovuta ugonjwa. Kwa hiyo mimi napanga kwa swali moja tu: hiki kinafunga mlango, au kinachokoza kinga?

Ekinasia inachokoza. Kuna ripoti za wagonjwa wa pemfigasi, ule ugonjwa wa kinga unaotoa malengelenge kwenye ngozi na mdomoni, ambao ugonjwa wao uliibuka upya baada ya kuitumia. Mchaichai yuko sahihi, itoe. Kuwa makini zaidi na alfalfa, mmea wa jamii ya kunde, kwa sababu inachanganywa kimyakimya kwenye vidonge vya "mchanganyiko wa majani". Mbegu na machipukizi yake yana kemikali iitwayo L-kanavanini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyani wa maabara waliolishwa machipukizi hayo walipata hali inayofanana na lupasi. Soma maandishi madogo ya nyuma ya chupa, si jina la mbele.

Kranberi inafunga mlango, maana inazuia bakteria wa E. coli kujishika kwenye ukuta wa kibofu. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 50, na kwa wanawake wenye UTI za kujirudia hatari ilipungua kwa takriban robo. Haitibu UTI iliyokwisha kuanza. Ukiwa unatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kama wengi wa lupasi wenye damu ya kuganda ovyo, mwambie kwanza anayekupima damu.

D-manosi ilikuwa na sifa kubwa kuliko ushahidi. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusisha wanawake 598 kwa miezi sita. Waliotumia D-manosi, 51% walirudi kutafuta matibabu ya UTI. Waliopewa unga usio na dawa, 55.7%. Tofauti hiyo haitoshi kusema inafanya kazi. Kati ya hizo mbili, pesa yako iende kwenye kranberi.

Kuna kingine ambacho hukukitaja, nacho ni maji. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wanawake 140 waliokuwa na UTI za kujirudia na wasiokunywa maji ya kutosha. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu kwa siku, na kwa mwaka mzima wakapata wastani wa UTI 1.7, wakati wenzao walipata 3.2. Sijaona kidonge cha asili kilichofikia hapo.

Mama_Wawili
Naomba niongeze hapo kwenye kranberi, kwa wenzangu wa MS (multiple sclerosis, kinga inaposhambulia ubongo na uti wa mgongo) na yeyote ambaye kibofu chake hakimwagi mkojo wote. Mapitio hayo hayo ya Cochrane hayakuona faida kwa watu wa namna yetu, wala kwa wazee waliolazwa kwenye nyumba za matunzo. Sababu ni kwamba mkojo unaobaki ndani unakuwa dimbwi la bakteria, hata ukuta wa kibofu ukiteleza namna gani.

Kilichonisaidia mimi ni kipimo kidogo sana. Unaambiwa nenda kakojoe kama kawaida, ukirudi unalala, wanakupaka jeli ya baridi chini ya kitovu na kuweka ultrasaundi kuona kimebaki kiasi gani. Kwangu kilikuwa kimebaki kingi wakati mimi nahisi nimemaliza. Tangu nifundishwe kutoa mkojo kwa mpira mwembamba mwenyewe, UTI zimepungua sana.

Halafu hilo la UTI "kuamsha" ugonjwa. Kwa MS, homa na maambukizi vinaweza kurudisha dalili za zamani bila shambulio jipya. Mguu unakuwa mzito, macho yanafifia, joto likishuka vinarudi. Kabla hujaongezewa steroidi omba mkojo upimwe, maana steroidi juu ya UTI isiyotibiwa ni hatari.

Jua_la_Utosi
Mnahangaika na matawi wakati mzizi unajulikana. Magonjwa yote haya yanaletwa na kirusi cha Epstein-Barr. Ukikiua kirusi, ugonjwa unakwisha. Kuna watu wanatumia maji ya fedha (yenye chembe za madini ya fedha) na mitishamba ya kusafisha virusi na wamepona kabisa. Utafiti upo, someni.

Hadubini
Mkuu Jua_la_Utosi, utafiti upo kweli, na tuusome mpaka mwisho. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Hatari ya kupata MS ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa Epstein-Barr. Mwaka huo huo, jarida la Nature lilionyesha jinsi protini moja ya kirusi, EBNA1, inavyofanana na protini ya mwili iitwayo GlialCAM, kiasi kwamba kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kirusi inashika na mwili wenyewe.

Lakini zaidi ya 90% ya watu wazima duniani wana kirusi hicho, na wengi hawapati ugonjwa wowote wa kinga. Kinajificha ndani ya seli B, aina ya chembe za kinga, maisha yote. Hakuna mmea wala maji yaliyothibitishwa kukitoa humo. Na moto ukishawaka, kuondoa kiberiti hakuuzimi. Kwa magonjwa mengi haya, kinga inaendelea kujishambulia hata kama kilichoianzisha kimeondoka.

Kuna mahali kumtibu mdudu kunabadilisha ugonjwa kweli, na mahali hapo panatumia dawa. Wapo wenye upungufu wa chembe sahani (za kugandisha damu) unaotokana na kinga, ITP, ambao chembe zao zilipanda baada ya bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, kuondolewa kwa antibiotiki. Mtoto aliyepata homa ya baridi yabisi (rheumatic fever, si baridi yabisi yetu ya viungo) baada ya maambukizi ya koo anachomwa penisilini ya benzathini kila wiki tatu au nne kwa miaka, ili moyo usiharibiwe zaidi. Asije mtu akamwambia mzazi wa mtoto huyo abadilishe sindano kwa tangawizi.

Maji ya fedha ndugu yangu naomba tuyaache. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishatangaza mwaka 1999 kwamba hayatambuliki kuwa salama wala kutibu chochote. Fedha inajikusanya kwenye ngozi mpaka mtu anakuwa wa kijivu-bluu, na rangi hiyo haitoki.

Ndevu_Nyeupe
Wanangu, mnalinganisha vizuri lakini chanjo hamjaigusa. Mimi nina baridi yabisi, nilipata mkanda wa jeshi upande mmoja wa mbavu nikiwa kwenye vidonge vya kushusha kinga, na maumivu yale simwombei mtu. Chanjo inaifundisha kinga kumjua mdudu mmoja, haiichokozi yote. Ukiwa kwenye dawa kama zetu chanjo hai kwa kawaida haziruhusiwi, lakini ya mafua ya sindano, ya nimonia na ile isiyo hai ya mkanda wa jeshi zinaruhusiwa. Wanaotumia methotreksati, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, waulize kuhusu kuisimamisha wiki mbili baada ya chanjo ya mafua. Ni pendekezo la mwaka 2022 la American College of Rheumatology, chama cha madaktari wa baridi yabisi wa Marekani, ugonjwa ukiwa umetulia, ili chanjo ishike vizuri. Muulize daktari, usisimamishe mwenyewe.

Mchaichai
Shikamoo mzee, umenikumbusha jambo. Wenzangu wa baridi yabisi, angalieni ufizi. Bakteria wa ufizi, Porphyromonas gingivalis, ana kimeng'enya kinachobadilisha protini kuwa za aina ile ile ambayo kingamwili zetu za anti-CCP zinaishambulia. Tafiti za kusafisha ufizi ili kupunguza maumivu ya viungo zimetoa majibu yanayopishana, kwa hiyo siahidi viungo vitapona. Ila ufizi unaotoka damu ni kidonda kilicho wazi kila siku kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa. Uzi wa meno kila usiku, sigara iachwe, na ukoga mgumu utolewe na daktari wa meno. Hiyo kwangu ni njia ya asili kuliko chupa yoyote.

Kipepeo
Asanteni mno, mzee shikamoo. Mfamasia, naomba nimalizie. Vitamini D na probiotiki hukuzigusa. Kitunguu saumu je? Na maji, kwa kuwa figo zangu ziliwahi kuguswa na lupasi?

Mfamasia_wa_Zamu
Nianze na maji kwa sababu hapo ndipo unaweza kuumia. Kama miguu inavimba au figo zimechoka, usiongeze lita hata moja kabla ya daktari wa figo kukupa kiwango.

Vitamini D nakubali iwe ya kwanza, lakini pimwa damu kwanza. Utafiti wa VITAL wa Marekani ulihusisha watu 25,871, wanawake wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa 50 na zaidi, waliotumia IU (vipimo vya kimataifa) 2,000 kwa siku kwa miaka mitano hivi. Magonjwa mapya ya kinga kujishambulia yalipungua kwa 22%. Hiyo ni kuzuia ugonjwa mpya, si kutibu ulio nao. Kwa mafua, uchambuzi wa mwaka 2017 uliona faida zaidi kwa wenye upungufu mkubwa waliotumia dozi ndogo ya kila siku au kila wiki, si dozi kubwa ya mara moja. Wenye sakoidosisi, ugonjwa wa kinga unaotoa vinundu mwilini, wasiiguse bila daktari, maana mwili wao unaitengeneza kupita kiasi na kalsiamu inapanda.

Probiotiki ningeiacha. Kwa mwenye kinga iliyoshushwa, viumbe hao hai wamewahi kuingia kwenye damu, hasa hamira ya Saccharomyces boulardii kwa wagonjwa waliowekewa mrija kwenye mshipa mkubwa. Kitunguu saumu cha kwenye chakula hakina neno kwa wengi. Vidonge vyake vilivyokolezwa vinaongeza kutoka damu na madaktari wengi wa lupasi wanavikataza. Kwa mafua watu watakushauri zinki pia. Dozi kubwa ya muda mrefu inashusha madini ya shaba mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu, ganzi na kuyumba, mpaka mtu anadhaniwa ana MS. Na anayetumia saiklosporini, dawa nyingine ya kushusha kinga, akae mbali na balungi, linaipandisha dawa kwenye damu.

Sasa jambo ambalo hakuna chupa itakayolifanya: dozi ya prednisoloni. Kadiri ilivyo kubwa ndivyo maambukizi yanavyoongezeka. Mapendekezo ya mwaka 2023 ya EULAR, muungano wa Ulaya wa magonjwa haya, kwa lupasi ni kubaki na miligramu 5 kwa siku au chini, na kuiacha kabisa inapowezekana. Umesema ugonjwa umetulia. Muulize daktari wako kama ni wakati wa kushuka, polepole, kwa mpango wake. Kuikata ghafla ni hatari ya maisha. Muulize pia kama unatumia au unafaa haidroksiklorokwini, kidonge cha lupasi kilichoanza kama dawa ya malaria, kwa sababu wagonjwa wa lupasi wanaoitumia wameonekana kupata maambukizi makali machache.

Kipepeo
Niko kwenye miligramu 10. Nina miadi hivi karibuni, nitaliuliza la kwanza. Swali la mwisho kabisa: UTI ikianza usiku, nivumilie na maji na kranberi mpaka lini?

Mfamasia_wa_Zamu
Usivumilie. Prednisoloni inaficha homa, kwa hiyo usingoje kipimajoto kifike 38. Maumivu ya ubavuni, kutetemeka, kutapika au damu kwenye mkojo, unaondoka usiku huo huo. Kama ni kuungua tu, nenda asubuhi, na mkojo utolewe kwa ajili ya kuoteshwa maabara, kumtambua bakteria, kabla hujameza kidonge cha kwanza cha antibiotiki.