MJADALA: Nesi wa zahanati aruhusiwe kuandika mofini?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Tangu 2004 sheria ya Uganda inamruhusu nesi aliyesomea tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, kumwandikia mgonjwa mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Msingi uliwekwa na Daktari Anne Merriman, aliyeanzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Dawa yenyewe ni unga wa mofini uliochanganywa na maji na kutiwa rangi ya kutofautisha ukali wake. Ya kijani ndiyo hafifu kuliko zote. Mgonjwa anapewa bure. Majirani tuige? Mimi nasema tuige.

Najua hofu ya wengi ni uteja. Lakini kwenye ubongo na uti wa mgongo kuna vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo kemikali hujishika, ambavyo mwili wenyewe huvitumia kutuliza maumivu, kwa kemikali zake kama enkefalini, iliyogunduliwa Aberdeen, Scotland, mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz. Mofini inashika vipokezi hivyohivyo. Mtu ambaye saratani imeshaingia kwenye mifupa anaanza na dozi ndogo kila baada ya saa nne, inapandishwa taratibu mpaka maumivu yatulie. Huyo hatafuti kulewa. Anatafuta usingizi, na ageuzwe kitandani bila kupiga mayowe.

Mchangiaji 1:
Mkuu, umepita haraka. Vipokezi hivyo viko pia sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Dozi ikizidi, pumzi inapungua mpaka inakata. Naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidishiwa, huiondoa mofini kwenye vipokezi, sawa, ila zahanati ya kijijini inayo? Kabati la dawa halina hata kufuli. Chupa ikiibwa, nesi ndiye atakayelala polisi.

Mchangiaji 2:
Mimi ni nesi. Kufuli linanunuliwa, na daftari la dozi tunajua kulijaza. Wanaotumia mofini wengi wanasumbuliwa na choo kigumu, maana vipokezi hivyo viko hadi kwenye utumbo. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo inaanza siku moja na mofini. Tufundisheni, kisha mtukague.

Mleta mada:
Hoja ya naloksoni ni nzito, nami nataka iwe kwenye sheria yenyewe: mafunzo, kufuli na naloksoni viende pamoja. Ila anayepinga atuambie, mgonjwa aliye mbali na daktari, ambaye panadoli haimsaidii tena, usiku wa leo apewe nini?