Umri wa taasisi na afya ya demokrasia

Mwalimu wa Uraia, Ngamiani, Tanga
Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wameniuliza imekuwaje nchini Marekani, mwaka 2000 na tena 2016, mgombea aliyepigiwa kura nyingi zaidi na wananchi akakosa urais. Hesabu ya wajumbe 538 wa majimbo, ambao ndio humchagua rais kwa niaba ya wapiga kura, na 270 kati yao hutosha kumpa mtu ushindi, nimewafundisha. Kilichonishinda kueleza ni kwa nini utaratibu uliobuniwa mwaka 1787 bado haujaondolewa.

Mchangiaji wa Chumbageni
Mwalimu, ukongwe peke yake hauna kosa. Uingereza iliwahi kuwa na Old Sarum, jimbo lililokuwa karibu halina wakazi lakini likipeleka wabunge wawili, hadi sheria ya mwaka 1832 ilipolifuta. Hatari huja pale wanaonufaika na utaratibu mbovu wanapokuwa ndio wenye mamlaka ya kuubadilisha. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 338 dhidi ya 70, pendekezo la kumchagua rais moja kwa moja. Lakini lilipofika Seneti, wapinzani wake walirefusha mjadala kwa makusudi, na Septemba 1970 kura 54 za kuufunga dhidi ya 36 hazikutosha, kwa kuwa ilitakiwa theluthi mbili. Kumbuka kwamba katika Seneti hiyo Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina viti viwili sawasawa na California yenye takribani milioni 39. Mwananchi anayeona wingi wa kura hauamui mwishowe huacha kupiga kura, na hilo linaniumiza zaidi ya matokeo yenyewe.

Mchangiaji wa Pangani
Nakuunga mkono, ila tusiishie ng'ambo. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na Tume, na Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Wenzetu Wakenya, chini ya Katiba yao ya 2010, walishuhudia Mahakama ya Juu ikibatilisha uchaguzi wa rais Septemba 2017.

Mwalimu wa Uraia, Ngamiani, Tanga
Ahsanteni sana. Basi kipindi kijacho tutaanza na ibara ya 98, inayoeleza kwamba mabadiliko mengi ya Katiba yetu huhitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kwamba baadhi ya mambo ya Muungano huhitaji theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, Bara na Zanzibar.