Naomba ushauri: Unguja, Pemba na Mafia kwa begi la mgongoni

Habari zenu wakuu. Tuko wanne, marafiki tangu chuo, tunaishi Dar. Desemba tunataka kuzunguka visiwa kwa siku 12: Unguja, Pemba, halafu Mafia. Kila mtu begi moja la mgongoni. Mwaka jana mwenzetu alikuja Paje na sanduku la magurudumu, likazama mchangani, tukalibeba kwa zamu kama jeneza.

Unguja hainisumbui: boti mwendo wa saa mbili hivi, jioni Forodhani, kuogelea Nungwi, maana Paje maji yakishakupwa unatembea weee na magoti hayajalowa. Kichwa kinaniuma kuanzia Pemba. Tukishuka Mkoani tulale wapi kwa bei ya kawaida? Na kwenda kisiwa cha Misali, kuna boti ya kuchangia na wengine au lazima tukodi nzima?

Mafia ndiyo ninayoitaka hasa, nikamwone papa potwe. Najua msimu wake ni Oktoba mpaka Machi, na boti zinatoka Nyamisati, huku bara, kwenda Kilindoni. Sasa tukitoka Pemba, ni lazima turudi Dar kwanza? Na kaskazi ikivuma, bahari ya huko ikoje? Mmoja wetu hutapika hata kwenye pantoni ya Kigamboni, sitanii.

Tumejipanga laki nane kila mtu, nauli na kulala humo humo. Inatosha, au Pemba tuiache safari nyingine? Mimi roho inakataa kuiacha, ila wenzangu wameshaanza kupiga kura.