Kupata nguvu halisi ya NaOH (sodiamu haidroksaidi, soda kali), mizani haitulii

kijana_tudor: Wazee shwari? Niko maabara hapa Mombasa nataka NaOH ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) ya kupimia siki, lakini nikiweka chembe zake kwa mizani namba yapanda tu. Si nipime chapchap nihesabu moli yaishe?

bureti_moja: Haiishi hivyo bro. NaOH yavuta unyevu na kaboni dioksaidi ya hewani, na hewa ya pwani waijua, ukizubaa kidogo chembe zishalowa zinateleza. Tengeneza ya kukadiria halafu uitaitreti, yaani uiteremshe kidogo kidogo kwa bureti (mrija wenye vipimo), na KHP (potasiamu haidrojeni fthaleti, asidi ya unga) iliyokaushwa 110°C, pima kama 0.51 g uandike desimali zote, yeyusha, tia matone mawili ya fenofthalini (kionyeshi kinachogeuka pinki asidi ikiisha), teremsha NaOH mpaka pinki hafifu ikae nusu dakika. Uzito gawa kwa 204.22 wapata moli za KHP, na moli moja yake yamaliza moli moja ya NaOH. Kama ni 0.1 kweli bureti itasoma karibu 25 ml.

mama_lab: Maji ya kuyeyushia uyachemshe kwanza kutoa kaboni dioksaidi, yapoe yakiwa yamefunikwa. Weka chupa ya plastiki, NaOH hula kioo. Na pinki ikikoza ushapitiliza mwanangu, mwaga uanze upya.

kijana_tudor: Shukran mama. HCl (asidi hidrokloriki) ya kwenye shelfu je, yafaa badala ya KHP?

bureti_moja: Hiyo nayo nguvu yake ni ya kukisia tu, tafuta KHP.