Kundi la Familia: Karatasi za Mzee

Kaka Muta: Habari za jioni wanafamilia. Nimetoka kuongea na Mama. Mzee jana kaenda kutoa pensheni, kakosea namba ya siri mpaka mashine ikameza kadi. Wiki iliyopita aliuliza mara mbili kama kahawa imeshauzwa, na hela anayo mfukoni. Naomba Jumamosi niende Kamachumu na wakili, Mzee asaini hati ya uwakala nisimamie kila kitu: benki, kiwanja cha Kibamba, kibanja chetu cha migomba. Tumalize.

Shangazi: Uchuro huo. Kaka yangu anakwenda kanisani kwa miguu yake halafu nyie mnamgawana.

Kaka Muta: Shikamoo Shangazi. Hakuna anayegawana.

Shangazi: Marahaba. Wagawanaji wote husema hivyo.

Alinda (Calgary): 😂😂 Shikamoo Shangazi. Kaka, mimi naunga mkono. Huku Kanada watu wanasaini mapema, na kuna hati ya uwakala inayoendelea hata mtu akipoteza kumbukumbu.

Dada Koku: Alinda, ya huko ni ya huko. Huku sheria ya mikataba inasema uwakala unakoma aliyeutoa akifa au akirukwa na akili. Sasa Kaka anaitafuta hati kwa sababu Mzee anasahau, na siku akisahau kabisa ndiyo siku hati inakuwa karatasi tu. Hapo ni kwenda mahakamani, iteue mtu wa kusimamia mali zake.

Kaka Muta: Kwa hiyo haina kazi?

Dada Koku: Ina kazi sana, leo. Kufuatilia kadi, kulipa kodi ya ardhi ya Kibamba, kumfukuza yule aliyemwaga kokoto kiwanjani kwetu. Ila isiandikwe "kila kitu". Iandikwe kazi kwa kazi. Na isiwe na neno kuuza isipokuwa Mzee mwenyewe ametaka kuuza. Ofisini kwetu nimeona hati za "kila kitu" za kutosha. Mwenye mali anakuja kushtuka kiwanja kina ukuta wa mtu mwingine.

Kaka Muta: Koku unanisema mimi?

Dada Koku: Hapana Kaka. Nasema hata ningekuwa mimi, nisipewe.

Mjomba Ferdi: Mimi ni wa upande wa mama, siingii mambo ya ukoo. Nauliza tu: marehemu shemeji yetu wa Biharamulo si alikuwa na hiyo hati? Mtoto wake aliendelea kutoa hela benki baada ya msiba akidhani anayo ruhusa.

Dada Koku: Ndiyo Mjomba, na akaitwa kujieleza. Mtu akishafariki, uwakala umekwisha. Ni kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi. Na msimamizi naye anapewa miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Watu wanadhani msimamizi ndiye mrithi mkuu. Ni mtumishi tu.

Alinda (Calgary): Sasa wosia upo au haupo?

Mama: upo. Yuko na miwani anasoma haya yote kwenye simu yangu ngojeni

Kaka Muta: 😳

Shangazi: Kumbe yupo. Kaka shikamoo.

Mama: anasema marahaba. anasema kadi ilimezwa kwa sababu foleni ilikuwa inamsukuma. [picha]

Dada Koku: Mama tafadhali piga tena, weka karibu na dirisha.

Mama: [picha]

Dada Koku: Nimeiona. Karatasi ya daftari la hesabu, lile la vijisanduku, imekunjwa mara nne mpaka mkunjo umetoboka katikati ya neno "Kibamba". Mwandiko wa Mzee ni ule ule wa ubaoni. Lakini ni penseli! Tarehe naona mwezi, mwaka umefutika. Mashahidi: Mutalemwa na Kokushubira. Yaani mimi na Kaka, na sote tumo kwenye mgao. Sahihi ya Mama haipo.

Kaka Muta: Nakumbuka tulisaini siku ya Krismasi. Nilidhani ni barua ya shule.

Dada Koku: Haya. Wosia wa kimila, kwa ile sheria ya 1963, uandikwe kwa wino au upigwe chapa, uwe na tarehe, useme ametoa kwa hiari na akili timamu. Mzee anajua kusoma na kuandika, basi mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, wote waone akisaini na wasaini hapo hapo. Asiyejua kusoma ni wanne. Na mke aliye nyumbani lazima ashuhudie. Sisi warithi tukae pembeni.

Shangazi: Wa ukoo nitakuwa mimi, sirithi kitu. Lakini nimeona hapo Koku kapewa migomba ya upande wa kisimani. Tangu lini kibanja cha ukoo kinakwenda kwa binti? Kesho atamuuzia mgeni, makaburi ya wazee yawe uani kwa mtu.

Dada Koku: Shangazi, kwa heshima. Holaria Pastory alikuwa binti wa Kagera hii hii. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia, akaliuza, mpwa wake akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Na mimi siuzi. Nataka kupanda vanila.

Shangazi: Vanila inaibiwa.

Mjomba Ferdi: Hilo kweli.

Mama: Mzee anasema migomba ya kisimani ni ya Koku na maneno yameisha. Makaburi hayaguswi, ataandika hivyo. Muta afuatilie kadi na Kibamba. Kuuza hakuna mpaka aseme yeye

Kaka Muta: Sawa Mzee. Nimeelewa.

Alinda (Calgary): Mimi kuna kitu natakiwa kusaini?

Dada Koku: Kwa hili hapana, anayesaini ni Mzee. Ukitaka Kaka akusimamie kile kiwanja chako cha Bunju, hapo utasaini mbele ya mthibitishaji huko, kisha karatasi ipitie ubalozi wetu Ottawa.

Kaka, Jumamosi kabla ya wakili mpitishe Mzee kwa daktari, atoe barua ya tarehe hiyo hiyo kwamba ana akili timamu. Mtu akija kubisha baadaye, barua ipo. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti, na hati ya Kibamba ile halisi. Wosia ukikamilika tuupeleke RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wautunze. Sandukuni panya watausoma kabla yetu.

Alinda (Calgary): Ada ya wakili nalipa mimi, Kaka nitumie namba.

Kaka Muta: Ile ile ya Yas, tigo ya zamani. Mtu baki tumchukue nani?

Mama: Mwalimu mwenzake wa ng'ambo ya barabara. ndiye wanacheza naye bao

Shangazi: Yule anadaiwa na kaka yangu elfu hamsini.

Mama: basi katekista

Shangazi: Katekista sawa. Jumamosi nitakuwepo, mnisubiri, msianze kusaini wala kuchinja kuku kabla sijafika.