Intafaroni gama inasoma sifuri: seli za NK zimelala au seti ya ELISA ni mbovu? Naomba ushauri

Korosho Ghafi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, namalizia utafiti wa uzamili na nimekwama pabaya. Natenganisha seli nyeupe za damu ya watu wazima wenye afya, naziweka kwenye visima milioni moja kwa mililita, nazichokoza kwa LPS (kipande cha ukuta wa bakteria) nanogramu 100 kwa mililita, kisha zinalala kwenye inkubeta usiku kucha, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Asubuhi navuna maji ya juu napima kwa ELISA, kipimo cha kiasi cha protini. TNF, saitokini (protini ya ujumbe wa kinga) ya uvimbe, inasoma vizuri, mamia ya pikogramu. Intafaroni gama, saitokini nyingine ambayo ndiyo roho ya utafiti wangu wa seli za NK (seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa), hakuna kitu. Je, ninunue seti ya kampuni nyingine? Bei yake inanitoa jasho na muda umeisha.

Mzee wa Mikindani
Usinunue kitu kwanza. Mstari wa standadi (sampuli za kiasi kinachojulikana) ukoje? Kama umenyooka, chukua yale maji yako yanayosoma sifuri, yaongezee standadi ya pikogramu 250 kwa mililita, upime tena. Ukirudishiwa asilimia 80 hadi 120, seti ni nzima na tatizo liko kwenye seli. Halafu tuambie damu inatoka wapi, na mrija una kofia ya rangi gani.

Korosho Ghafi
Shikamoo mzee wangu. Standadi imenyooka kabisa. Damu inatoka Newala kwa gari la asubuhi kupitia Tandahimba, mchana iko maabara. Mirija ni ya heparini, kofia ya kijani. Inasafiri kwenye boksi la barafu.

Fundi Sentrifuji
Hiyo barafu iondoe leo. Damu ya kutenganisha seli hai husafiri kwenye nyuzi 18 hadi 25. Ikipoa sana au ikikaa muda mrefu, granulosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) hubadilika uzito, zinashindwa kuzama chini ya Ficoll, kile kimiminika cha kutenganishia, na kubaki kwenye utepe ule mweupe unaouvuna. Ukihesabu unaona milioni moja, kumbe sehemu yake si seli zako. Kwa joto letu la mchana tumia vifuko vya kupozea vilivyoachwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, si vilivyoganda. Zungusha 400 g kwa dakika 30, breki imezimwa. Ukiiacha breki imewashwa, utepe unavurugika. Lakini barafu peke yake hainipi sifuri tupu kwa kila mtu.

Kaka Nachingwea
Mimi naona ELISA yenyewe ndiyo shida. Hata ungepata intafaroni gama, utajuaje imetoka kwa NK? Seli T, seli nyingine za kinga, nazo zinaitoa. Tafuta mashine ya floo, inayosoma seli moja moja kwa alama zake za juu, ukamate zisizo na alama ya CD3 na zenye CD56. Hizo ni kama asilimia 5 hadi 15 ya limfosaiti za damu. Na ndani yake kuna makundi mawili: zenye CD56 nyingi, karibu asilimia 10 ya NK, ndizo watoaji wakubwa wa saitokini zikipata IL-12 na IL-18, saitokini za kuziamsha. Zilizobaki zina CD56 kidogo, ni wauaji, ingawa nazo hutoa intafaroni gama upesi zikigusana na seli lengwa kama K562, seli za saratani ya damu zinazooteshwa maabara.

Msomaji wa Masasi
Samahani wataalamu, kuna chakula cha kuongeza hizi NK?

Binti Shangani
Ndugu wa Masasi, NK kupiga kelele zaidi si afya. Mwili una breki zake, saitokini za IL-10 na TGF-beta, kwa sababu intafaroni gama ikizidi makrofaji (seli zinazomeza vijidudu) huwaka na kuunguza viungo. Watoto wanaozaliwa bila pafoini (protini ya kutoboa seli) inayofanya kazi tunaona hilo wazi: NK na seli T zao zinashindwa kuua, hivyo seli zinazochochea haziondolewi, na saitokini zinaendelea kumwagika hadi mtoto anaumwa vibaya.

Nirudi kwa mleta uzi. LPS haiongei na NK moja kwa moja kwa kiasi cha maana. Monosaiti, seli nyeupe ambazo baadaye huwa makrofaji, ndizo zinazoipokea. Zinatoa TNF mapema, ndani ya saa chache za mwanzo, kisha IL-12 na IL-18. Hizo mbili zikikutana juu ya NK ndipo intafaroni gama inapotoka, nayo inarudi kwa monosaiti na makrofaji kuziongezea ukali na kuzifanya zitoe IL-12 zaidi. Pia inasukuma seli T upande wa Th1, wa kupambana na vijidudu vya ndani ya seli. Sifuri yako inanukia mnyororo uliokatwa katikati. Uliongeza nini kwenye visima baada ya LPS?

Korosho Ghafi
Hakuna kikubwa dada. Brefeldini A tu, mikrogramu 5 kwa mililita. Protokali niliyopewa inayo. Na kusema kweli sura ya nne nimeshaianza, nimeandika kwamba NK za wakazi wa ukanda wa malaria zimechoka. Naona inaeleweka.

Chumvi ya Kilwa
Hii ni chai. Brefeldini inazuia protini kutoka kwenye seli. Ukiiweka, TNF nayo ingebaki ndani. Huwezi kupata mamia ya TNF na sifuri ya intafaroni gama kwenye kisima kimoja. Mleta uzi ametunga namba.

Kaka Nachingwea
Hata mimi nimeanza kushtuka.

Korosho Ghafi
Sijatunga wakuu. Karatasi za kusomea mashine ninazo zote.

Binti Shangani
Chumvi, subiri. Korosho, uliiweka muda gani tangu LPS?

Korosho Ghafi
Baada ya saa mbili. Ikakaa humo mpaka asubuhi.

Binti Shangani
Basi namba zake ni za kweli na zinaeleweka. Katika saa mbili hizo monosaiti zilishamwaga TNF yao ya kwanza, ndiyo anayoisoma. Intafaroni gama ya njia hii huhitaji saa nyingi zaidi, hivyo mlango ulifungwa kabla haijatoka. Na kuna baya zaidi: brefeldini iliifungia IL-12 ndani ya monosaiti pia. IL-18 hupita njia nyingine isiyozuiwa nayo, lakini peke yake haitoshi. Kwa hiyo hata ungepaka rangi ndani ya NK kuitafuta kwa floo ungekuta patupu, kwa sababu amri haikufika. Juu ya hayo, usiku mzima wa brefeldini unaua seli.

Chumvi ya Kilwa
Nimekuelewa dada. Neno "chai" nalifuta, mleta uzi uniwie radhi.

Mzee wa Mikindani
Mdogo wangu, ile sentensi ya NK zilizochoka ifute usiku huu. Watu wa Newala wasiandikwe wana kinga dhaifu kwa sababu ya dawa iliyowekwa kwenye kisima.

Korosho Ghafi
Lakini mzee, msimamizi ameshaisoma na kuipenda. Nikiiacha na kuongeza maelezo ya brefeldini kwenye mapungufu, haitoshi?

Mzee wa Mikindani
Haitoshi. Hayo si mapungufu, kipimo hakikufanyika.

Binti Shangani
Rudia hivi. Kisima kitupu, kisima cha LPS, na kisima cha IL-12 nanogramu 10 pamoja na IL-18 nanogramu 100 kwa mililita, vyote saa 18 hadi 24 bila brefeldini. Hicho cha tatu kinaruka monosaiti: kikijibu na cha LPS kikanyamaza, kasoro iko kwa monosaiti, si kwa NK. Vuna kwa 400 g dakika 5, gandisha nyuzi 80 chini ya sifuri kwa vichupa vidogo ili usiyeyushe mara mbili. Brefeldini iweke tu kwenye visima vya mashine ya floo, saa nne za mwisho.

Korosho Ghafi
Ahsante sana dada. Na kuthibitisha kwamba IL-12 ndiyo inayobeba ujumbe?

Binti Shangani
Kisima cha nne: LPS pamoja na kingamwili ya kuzuia IL-12, na pembeni yake kingine chenye kingamwili ya aina ileile isiyolenga kitu. Intafaroni gama ikishuka kwenye hicho cha nne tu, umepata.